Karatasi Elfu Arobaini Ambazo Hazikuchapwa

Kuna nchi moja, mbali sana na hapa, iliyokuwa ya kwanza duniani kuacha kupoteza karatasi. Haikupotea hata moja. Nalisema hili kifua mbele kwa sababu lilitangazwa na waziri mwenyewe, likaandikwa katika kitabu cha kurasa mia tisa, na kitabu hicho kikagawiwa bure nyumba kwa nyumba. Kaya zenye watoto wengi zilipewa viwili.

Umeme ukirudi nitawatolea kopi zenu. Kwa sasa kaeni hapo kwenye benchi, sogeleaneni kidogo, na yule mama mwenye mtandio wa kijani pale mwisho apate pa kuweka mkoba wake. Haya. Nchi yenyewe mimi sijafika. Nilisimuliwa na mtu aliyesimuliwa, kwa hiyo mkisikia kosa, jueni limeingilia njiani.

Katika nchi hiyo, kitu kisichokuwa kwenye karatasi hakikuwapo. Mtu aliweza kusimama mbele ya karani, anapumua, anakohoa, amevaa koti, lakini kama hana hati ya kuzaliwa karani alitazama nyuma yake na kusema, "Anayefuata." Mvua ikinyesha kabla taarifa yake haijafika wilayani, iliitwa umande, na waliolowa waliambiwa wamejimwagia wenyewe.

Sasa katika masjala kuu ya Wizara ya Nyaraka alikuwapo mchapaji mmoja, Bi Sikitu Mahanyu. Miaka kumi na tisa alikaa na printa za serikali. Alizijua kwa mlio kama mama anavyowajua wanawe kwa kilio: hii imekwamisha karatasi, hii ina kiu ya wino, hii inadeka tu, ipige kofi. Mumewe, Hamduni, alikuwa bwana mifugo, na serikali ilikuwa imempeleka Kilemba, wilaya ya milimani huko mpakani, ambako ng'ombe ni wengi kuliko wapigakura. Miaka saba Bi Sikitu aliomba uhamisho amfuate mumewe. Miaka saba Hamduni alikuja mara moja kwa mwaka na chupa ya samli, akakaa siku kumi, na walipoanza tu kuzoeana tena, nani analala upande gani, nani anakoroma, likizo ikaisha.

Mwaka ule uhamisho ukakubaliwa. Uliandikwa kwenye kompyuta, ukatiwa saini ya kompyuta. Kilichobaki ni kidogo tu: barua ichapwe, ipigwe mhuri, na Bi Sikitu aifikishe Kilemba kwa mkono wake kabla ya saa sita mchana, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Asipofika, nafasi ingechukuliwa na mpwa wa mtu. Nafasi katika nchi ile hazikukaa wazi. Kila moja ilikuwa na mpwa aliyekaa kibarazani akiingoja.

"Barua ya ukurasa mmoja," Bi Sikitu alimwambia mumewe kwa simu. "Mimi ndiye mchapaji. Printa ziko mbele yangu. Anza kutafuta kitanda kikubwa."

Hamduni akaanza kutafuta kitanda. Wiki hiyohiyo, jogoo akaingia wizarani.

Jogoo huyo alikuwa programu ya kompyuta. Jina lake lilikuwa Kubana Wino na Karatasi, kwa kifupi KUWIKA, na ililetwa na mtaalamu mmoja kijana, mrefu, mtanashati, mwenye tai, mwenye akili ambazo hata yeye mwenyewe zilikuwa zinamshangaza. Waziri wa Nyaraka, Mheshimiwa Fidelisi Mpululu, aliizindua mbele ya vyombo vya habari. Hotuba yake ilikuwa na kurasa sitini na mbili, kila mgeni akapewa nakala.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, "mti ukikatwa unalia. Waliotangulia walikuwa na masikio, lakini hawakuusikia. Serikali yenu sikivu imeusikia mti. Kuanzia leo wizara hii haichapi ovyo. Kuanzia leo wizara hii inawika."

Watu wakapiga makofi kwa kiasi, maana walikuwa wameambiwa wabane na makofi.

KUWIKA ilifanya kazi hivi. Ukibonyeza kitufe cha kuchapa, ilikuuliza: Una hakika? Ukisema ndiyo, ikauliza: Umemshauri mwenzako? Ukisema ndiyo, ikauliza: Mti umekukosea nini? Ukivuka hapo, ilitoboa kila herufi katikati kama chujio, wino usikae wote. Ilifuta salamu, pole na hongera, ikaona hayo watu waambiane kwa mdomo. Kisha ilikusanya nyaraka nane, ikazipanga kwenye karatasi moja, nne mbele na nne nyuma, na kwa kila karatasi saba zilizookolewa kompyuta iliwika mara saba. Kufikia saa nne asubuhi mtu aliyepita nje ya wizara aliweza kuagiza mayai.

Chini kabisa ya kila karatasi programu iliacha mstari mmoja wa maandishi madogo. Mambo ya kiufundi tu, tusipoteze muda nayo.

Bi Sikitu alijibu maswali yote matatu, hata lile la mti, na printa haikutikisika. Akaenda kwa Bosi Kisoma, mkuu wa masjala, mzee aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu na hakutaka kitu chochote kitokee ndani ya mwaka huo.

"Bosi, barua yangu haitoki. Ni ukurasa mmoja tu."

"Hapo ndipo shida ilipo, Bi Sikitu. Ni mpweke. Itafutie wenzake saba."

"Wenzake gani? Ninayehamishwa ni mimi."

"Programu haimwangalii anayehamishwa. Inaangalia nafasi kwenye karatasi. Kaa, subiri, watakuja wenye shida zao."

Na kweli walikuja. Alikuja Mzee Lubawa aliyetaka leseni ya kufuga bata. Wakaja bwana na bibi arusi wakitaka cheti cha ndoa, ndugu wa marehemu mmoja wakitaka kibali cha mazishi, na wengine wa kuijaza ile nane. Bi Sikitu akabonyeza. Karatasi ikatoka ya moto, jogoo akawika mara saba, na watu wote wakaishika kwa pembe zake nne.

Maandishi yalikuwa madogo kama mbegu za mchicha. Uhamisho wa Bi Sikitu ulikuwa upande wa mbele, chini ya bata, kando ya marehemu.

"Tuikate," akasema bwana arusi. "Kila mtu achukue chake."

"Thubutu," akasema Bosi Kisoma. "Kukata waraka wa serikali ni miaka miwili. Na ukiwa gerezani utahitaji fomu ya kuingilia, ambayo nayo itangoja wenzake saba."

Wakatazamana. Mwisho Mzee Lubawa akasema, "Basi twende sote. Tuanze na nani?"

"Na sisi," wakasema ndugu wa marehemu. "Wetu ndiye hana subira."

Wakaenda makaburini wote. Bibi arusi alizika akiwa na shela lake, na watu wa mtaani waliompita walidhani marehemu ndiye bwana arusi, wakamwonea huruma kubwa. Mzee Lubawa alishika jeneza upande wa miguu. Bi Sikitu hakumjua marehemu hata kwa sura, lakini alilia kidogo, maana akilini alikuwa akihesabu siku. Mazishi yalipokwisha, akanyoosha mkono kwa mlinzi wa makaburi.

"Kaka, karatasi yetu."

Mlinzi alikuwa ameshaitoboa na kuiingiza kwenye faili. "Dada, kibali kikiingia hapa hakitoki. Kama mteja mwenyewe."

"Lakini humo mna uhamisho wangu."

"Na cheti chetu cha ndoa," akasema bibi arusi.

"Basi mmeoana makaburini na wewe umehamia makaburini," akasema mlinzi, si kwa ubaya, alikuwa anasoma kilichoandikwa. "Karibuni sana. Pana utulivu."

Bi Sikitu akarudi mbio kwa Bosi Kisoma. Bosi akafungua kompyuta, akaitazama kwa muda, akaigeuza amwonyeshe.

"Unaona? Barua yako imeshachapwa. Kuchapa mara ya pili ni ubadhirifu, mfumo hauruhusu."

"Bosi, iko kaburini."

"Ipo lakini. Wengine zao hazipo kabisa."

Jioni Hamduni alipiga simu kusema kitanda kimepatikana, cha mninga, futi tano kwa sita. Bi Sikitu akasema vizuri. Akauliza habari za ng'ombe, moja baada ya nyingine, mpaka vocha ya mumewe ikaisha. Hakuweza kumwambia.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo nchi ile ilipoonyesha hekima yake.

Mwezi ulipokaribia kwisha, Mheshimiwa Mpululu alitangaza redioni kwamba wizara imeokoa karatasi elfu arobaini. Habari zikafika kwenye Jumuiya ya Nchi Zinazobana Matumizi, na Jumuiya ikajibu kwamba itamtuma mkaguzi, Alhamisi ya mwisho wa mwezi, azione karatasi hizo, na akiridhika wizara itapewa ngao.

Mheshimiwa akaitisha kikao.

"Mkaguzi anataka kuona karatasi tulizookoa," alisema. "Ziko wapi?"

"Mheshimiwa," akasema Bosi Kisoma kwa sauti ya mtu aliyebakiza mwaka mmoja, "hazipo. Ndiyo maana ya kuokolewa. Hatukuzichapa."

"Kama hazipo, atazihesabuje?"

"Labda aonyeshwe rimu zilizobaki stoo."

Rimu za stoo zilikuwa zimekwisha kwenye kile kitabu cha kurasa mia tisa.

"Ndugu zangu," akasema Mheshimiwa, akavua miwani, "tusidanganyane. Katika nchi hii kitu kisichokuwa kwenye karatasi hakipo. Akiba yetu haiko kwenye karatasi. Kwa hiyo, kisheria, hatujaokoa kitu. Je, tuko tayari kuuambia ulimwengu hivyo?"

Hakuna aliyekuwa tayari. Ikapitishwa kwa kauli moja kwamba karatasi zote elfu arobaini ambazo hazikuchapwa, zichapwe. Kila moja ipigwe mhuri wa zambarau wenye neno HAIKUCHAPWA, ili mtu asije akafikiri imechapwa. Na kwa kuwa programu ya kuzuia uchapaji ingezuia uchapaji huo, ikazimwa, ila ule mstari wake mdogo wa chini haukukubali kuzimika.

Siku tatu printa zilinguruma. Karatasi ziliazimwa mashuleni, wanafunzi wakafanya mtihani wa hesabu kwa mdomo, na nasikia waliokuwa na sauti kubwa walifaulu sana. Bi Sikitu alichapa huku, akapiga mhuri huku, mpaka kiganja kikawa zambarau kama amepakwa hina na fundi kipofu.

Siku ya pili ya kupiga mhuri, wazo likamgonga, akasimama na mkono hewani. Nyaraka nane kwenye karatasi moja: moja imetumika, saba zimeokolewa. Na zile nane za makaburini je? Saba kati ya hizo zimo humu. Ya kwake imo, au haimo. Kama yeye ndiye anayehesabiwa kuwa ile moja iliyochapwa, basi hana lake. Kama ni marehemu, au bata, basi yeye yuko hai.

Akawa anasoma kila karatasi kabla ya kuipiga mhuri. Jumatano ikapita. Alhamisi saa tatu asubuhi, katika rimu ya sitini na tatu, akaiona. Ukurasa mzima. Herufi nene zisizo na tundu. *Bi Sikitu Mahanyu, Mchapaji Daraja la Pili, anahamishiwa Kilemba kumfuata mume.* Miaka saba hakuwahi kuliona jina lake kubwa namna ile. Akaipiga mhuri taratibu, katikati, usicheze, kisha ikambidi aiweke pamoja na nyingine, maana Mheshimiwa alikuwa ameshaingia ukumbini na mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa bibi mmoja mfupi, mpole, mwenye mwavuli. Rimu themanini zilikuwa zimepangwa juu ya meza na kufungwa utepe.

"Hizi ndizo karatasi mlizookoa?" akauliza.

"Ndizo," akasema Mheshimiwa.

"Ambazo hamkuzichapa."

"Hata moja. Soma mhuri."

Bibi akagusa iliyokuwa juu, akatazama kidole chake. "Mbona wino bado mbichi?"

"Tulizitunza vizuri," akasema Mheshimiwa.

Bibi akafikiri. "Elfu arobaini kamili?"

"Hesabu."

"Nitahesabu," akasema bibi, na kwa kuwa alikuwa na mikono miwili tu, watumishi themanini wakaitwa, kila mtu rimu yake. Ukumbi ukajaa minong'ono ya tarakimu. Katika vurugu ile ya watu kugombea viti, Bi Sikitu akachomoa barua yake katika rimu ya sitini na tatu, akaikunja mara moja, akaitia kwenye mkoba, katikati ya chapati zake mbili.

Mtu mmoja tu alimwona. Yule mtaalamu. Na kwa ukarimu wa moyo wake, ingawa alijua hesabu itaharibika na lawama zitamwangukia yeye, alinyamaza. Wako vijana wa namna hiyo, si wengi.

Mlangoni palikuwa na mlinzi, na amri ilikuwa karatasi isitoke. Akafungua mkoba, akainua chapati ya juu, akaona.

"Dada, hii nini?"

Bi Sikitu akaona Kilemba inafifia, na kitanda cha mninga kinafifia nayo. "Soma," akasema.

Mlinzi akasoma mhuri, akarudia. Alikuwa mtumishi mwaminifu, mhuri kwake ulikuwa mhuri.

"Imeandikwa haikuchapwa."

"Ndiyo."

"Kama haikuchapwa, haipo. Kama haipo, hujabeba kitu." Akaifunika kwa chapati. "Pita, dada. Na chapati zako zina mafuta mengi, utaugua."

Basi la Kilemba liliondoka saa tano. Kesho yake, Ijumaa, saa tano na nusu, Bi Sikitu alisimama mbele ya afisa utumishi wa wilaya, na kwenye benchi la nje kijana mmoja alikuwa amekaa na bahasha mapajani, anaingoja saa sita. Afisa hakusoma barua. Katika nchi ile barua hazisomwi, hutazamwa.

"Mhuri upo?"

"Upo."

"Rangi?"

"Zambarau."

"Karibu kituoni, Bi Sikitu. Mpwa, nenda nyumbani."

Huko ukumbini, rimu ya sitini na tatu ilitoka na karatasi mia nne tisini na tisa. Mheshimiwa akatangaza kwa uchungu kwamba mtu ameipoteza akiba ya taifa, karatasi nzima, na ngao ikaondoka na mwavuli. Mtaalamu akaulizwa, akajibu kwa ufasaha, watu wakaridhika. Akaondoka mjini kwa heshima zote. Walimsindikiza mpaka stendi, wengine wakikimbia wasije wakamkosa.

Hapo watu wa benchi wakacheka, nami nikawaacha wacheke, maana kicheko hupunguza hasira za kukosa umeme.

"Samahani, mwanangu," akasema yule mama mwenye mtandio wa kijani, aliyekuwa kimya tangu mwanzo. "Walikuwa wanamfukuza."

"Nani, mama?"

"Huyo mtaalamu. Askari wawili mbele, Bosi Kisoma nyuma ameshika viatu mkononi. Nilikuwa dirishani kwenye basi. Akadandia basi hilohilo, akajikunja kwenye gunia la vitunguu. Na hakuwa mrefu. Na tai ilikuwa ya shule."

"Labda ni mwingine, mama. Nchi yenyewe iko mbali."

"Mbali gani? Soma kibao cha ofisi ng'ambo ya barabara. Kilemba."

Mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi ya hati ya shamba akajikuna kidevu. "Sisi tulijua ni hapa tangu kwenye wale wapwa."

Mama akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara moja. Ilikuwa na mhuri wa zambarau katikati na doa la mafuta la duara, kubwa kama chapati. Akaisogeza mbali na macho, akasoma mstari mdogo wa chini kabisa, ule wa mambo ya kiufundi:

"*Programu hii ni kazi ya Shebe. Pia tunapiga picha za pasipoti, tunafunga vitabu, tunatengeneza redio.*"

Watu wa benchi wakainua shingo, wote pamoja, wakatazama juu ya mlango wangu. Kibao nilikichora mwenyewe, na nilitumia rangi nyingi. SHEBE STESHENARI. Yaliyofuata chini yake hawakuwa na haja ya kuyasoma kwa sauti, lakini waliyasoma.

"Lile la kunyamaza," mama akaniambia kwa sauti ya chini, "hukusema uongo wote. Ulikuwa chini ya meza, umeshika waya ambao haukuwa na ubaya wowote. Niliijua tai. Nikajua umeona viatu vyangu."

Nikajifanya natafuta kitu chini ya meza, kisha nikakumbuka, nikasimama.

Taa ikawaka. Mashine ikakohoa, ikaanza kunguruma. Mama akaiweka barua yake juu ya kioo, akailaza vizuri kwa kiganja, akaipapasa pembe iliyojikunja.

"Mume wangu anakusalimu. Afisa utumishi ananidai kopi ya faili mwezi wa nne huu," akasema. "Nitolee moja. Ukurasa mzima, mwanangu, na usibane kitu."